Mshipa umeziba, cheti kimeandikwa "maumivu ya mguu": Namba moja inavyoweza kukucheleweshea matibabu

Kutoka barabarani hadi shambani kwake ni mwendo wa dakika 15, wote wa kupanda. Mzee wa miaka 64 wa kata ya Malindi, wilayani Lushoto, anasimama mara tatu njiani. Nyama ya mguu, ile ya nyuma chini ya goti, inabana kama imefungwa kamba. Akipumzika dakika chache inaachia. Akianza tena kupanda, inabana tena.

Nyumbani wanamwambia ni uzee. Jirani anasema ni baridi ya Usambara. Zahanati anapewa vidonge vya maumivu, na kwenye daftari linaandikwa neno fupi: maumivu ya mguu.

Mzee huyu ni wa mfano tu. Lakini dalili zake ni za kweli, na wataalamu wa mishipa ya damu wanazijua vizuri. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa kuziba kwa ateri, yaani mishipa inayotoa damu kwenye moyo na kuipeleka mwilini.

Sasa, kati ya maneno "maumivu ya mguu" na "ateri ya mguu imeziba" kuna tofauti kubwa ya matibabu. Kuna pia tofauti ya namba. Ugonjwa unaotambuliwa hospitali huwa na namba yake, na namba hiyo ikikosewa, mgonjwa anaweza kulipia kosa hilo kwa muda, kwa fedha, na wakati mwingine kwa mguu wenyewe.

Nini hasa kinaziba?

Ndani ya ateri hujengeka utando wa mafuta, ikiwemo lehemu, pamoja na chembe nyingine. Miaka ikipita utando unakuwa mgumu, na njia ya damu inakuwa nyembamba. Ni kama bomba la maji ya bustani lililojaa tope: maji yanapita, ila hayatoshi.

Ukiwa umekaa, damu kidogo inayopita inautosha mguu. Ukipanda mlima, misuli inadai damu zaidi na haipati. Hapo ndipo maumivu yanapoanza. Ukisimama, mahitaji yanashuka na maumivu yanaisha.

Ndiyo maana kwenye milima kama ya Usambara dalili hii inaweza kuonekana mapema kuliko kwa mtu anayetembea tambarare. Mlima wenyewe unakuwa kipimo.

Wanaochochea ugonjwa huu wanajulikana: sigara, kisukari, shinikizo la juu la damu, lehemu nyingi na umri. Utafiti wa kitaifa wa STEPS uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kuwa kati ya watu wa miaka 25 hadi 64, takriban asilimia 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu na zaidi ya asilimia 9 walikuwa na kisukari. Duniani kote, makadirio ya watafiti kwa mwaka 2010 yalikuwa zaidi ya watu milioni 200 wenye ateri za miguu zilizoziba au kuwa nyembamba.

Na ateri za mguu zikiziba, mara nyingi za moyo na za kichwani nazo haziko salama. Mguu unaobana mlimani unaweza kuwa onyo la mapema la shambulio la moyo au kiharusi.

Namba ya ugonjwa ni kitu gani?

Kwa Kiswahili sanifu inaitwa msimbo. Wapo wanaoiita kodi, ingawa haina undugu wowote na kodi ya TRA.

Msimbo unatoka kwenye Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, linalofahamika zaidi kwa herufi ICD. Mzizi wake ni wa mwaka 1893, pale mtakwimu Mfaransa Jacques Bertillon alipowasilisha orodha ya pamoja ya sababu za vifo kwenye mkutano wa Chicago. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilichukua jukumu la kulitunza mwaka 1948. Toleo la 10, ICD-10, liliidhinishwa mwaka 1990. Toleo la 11 lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika rasmi Januari 1, 2022, ingawa nchi zinahamia kwa kasi tofauti.

Kwa nini isitumike lugha ya kawaida tu? Fikiria jina Malindi lenyewe. Ukimwambia mtu aliye mbali "mzigo uende Malindi", anaweza kufikiria mji wa pwani ya Kenya. Mwingine atafikiria mtaa wa Malindi, Unguja. Mkulima wa Lushoto anamaanisha kata yake ya milimani, jirani na Lukozi. Jina ni moja, sehemu ni tatu. Usipotaja wilaya na mkoa, viazi vyako vinaweza kupotea.

Magonjwa nayo yako hivyo hivyo. "Mshipa umeziba" inaweza kuwa ateri au vena. Inaweza kuwa mguuni, kwenye moyo au shingoni. Inaweza kuwa imeziba taratibu kwa miaka 10, au ghafla leo asubuhi. Msimbo kazi yake ni kutaja wilaya na mkoa wa ugonjwa.

Mguu mmoja, namba nyingi

Hebu tuone jinsi mguu huo huo unavyoweza kuandikwa kwenye ICD-10 ya WHO:

- M79.6: maumivu ya mkono au mguu. Hii inataja dalili tu, haisemi chanzo.
- I73.9: ugonjwa wa mishipa ya pembeni usiofafanuliwa. Maumivu ya mguu yanayokuja kwa kutembea na kuisha kwa kupumzika huangukia hapa kama chanzo hakijaandikwa.
- I70.2: ateri za mikono au miguu zilizokuwa ngumu na nyembamba kwa sababu ya utando wa mafuta. Hapa chanzo kimetajwa.
- I74.3: bonge la damu lililoziba ateri ya mguu. Mara nyingi hili ni jambo la ghafla na la dharura.
- I80.2: bonge la damu kwenye vena za ndani za mguu. Huu ni ugonjwa mwingine kabisa, wenye dawa nyingine na hatari nyingine.
- E11.5: kisukari cha aina ya pili kilicholeta matatizo ya mzunguko wa damu.

Umeona? Kutoka I73.9 kwenda I70.2 ni hatua ndogo kwenye karatasi, lakini ya kwanza inasema "kuna tatizo la mishipa" na ya pili inasema "tatizo ni hili".

Kwenye kisukari ndipo kuna mtego mkubwa. Upo msimbo E11.9, unaomaanisha kisukari cha aina ya pili *bila* madhara mengine. Ni rahisi kuuandika kwa mazoea. Lakini ukiandikwa kwa mtu ambaye kidole chake kimeanza kuwa cheusi kwa kukosa damu, cheti kinasema hana madhara huku mguu ukionyesha vingine.

ICD-10 ina njia ya kuunganisha mambo hayo mawili: E11.5 yenye alama ya msalaba kuonyesha chanzo, ikifuatana na I79.2 yenye nyota kuonyesha mahali madhara yalipotokea. Namba mbili, hadithi moja iliyokamilika.

Namba haitoki hewani

Msimbo sahihi unaanza na vipimo sahihi, na vipimo vinaanza na mazungumzo.

Daktari kijana atamwamkia, "Shikamoo, baba." Baada ya "Marahaba", maswali matatu yanatosha kufungua njia: Maumivu yanaanza ukitembea au hata ukiwa umekaa? Yanaanza baada ya umbali gani? Ukisimama yanaisha baada ya muda gani?

Maumivu ya ateri yana tabia ya kurudia kwa umbali ule ule na kuisha kwa kusimama tu. Maumivu ya goti au ya mgongo mara nyingi hayana nidhamu hiyo.

Kisha anavua viatu na soksi. Daktari anapapasa mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo. Anaangalia kama mguu mmoja ni wa baridi kuliko mwingine, kama vinyweleo vimeisha, kama kuna kidonda kisichopona.

Kipimo kinachofuata hakihitaji mtambo mkubwa. Presha inapimwa mkononi na kwenye kifundo cha mguu kwa kutumia kifaa kidogo cha Dopla kinachosikiliza mtiririko wa damu. Namba ya juu ya mguu inagawanywa kwa namba ya juu ya mkono.

Mfano: mkono una 140, kifundo kina 98. Ukigawanya unapata 0.70. Majibu ya 0.90 kushuka chini yanaashiria kuwa ateri ya mguu imekuwa nyembamba au imeziba. Yakizidi 1.40 nayo siyo mazuri: ateri inaweza kuwa imekakamaa kiasi kwamba haibonyezeki, jambo linaloonekana kwa baadhi ya wenye kisukari cha muda mrefu, na kipimo kingine kinahitajika.

Hapo ndipo daktari anaweza kuandika jina kamili la ugonjwa, na msimbo ukafuata. Kama bado anashuku tu, utaratibu mzuri ni kuandika dalili iliyothibitika na kusema uchunguzi unaendelea. Kuandika ugonjwa ambao haujathibitika ni kosa, sawa na kuuficha uliothibitika.

Kosa linamuumiza mgonjwa wapi?

*Kwenye rufaa.* Mgonjwa wa Malindi akipewa rufaa, anashuka hadi Lushoto mjini. Akipelekwa mbele zaidi, kuna takriban kilomita 33 za kona hadi Mombo, kisha safari ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, Tanga. Wengine huishia KCMC Moshi au Muhimbili, Dar es Salaam. Tatizo likiwa kwenye mishipa ya moyo, huenda akafika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI.

Huko kote, daktari anayempokea hamjui. Anachokijua ni karatasi. Ikisema "maumivu ya mguu", anaweza kuanza upya na picha ya goti. Ikisema ateri ya mguu wa kulia imeziba, kipimo ni 0.70, ana kisukari, kazi inaanzia pale ilipoishia. Na ICD-10 ya WHO haisemi mguu wa kulia au wa kushoto, kwa hiyo upande lazima uandikwe kwa maneno.

*Kwenye bima.* Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Kituo kinapodai malipo, dai linabeba ugonjwa uliotambuliwa na huduma zilizotolewa. Vitu hivyo vinatakiwa kusomana. Dai lenye ugonjwa wa "maumivu ya mguu" na huduma ya kipimo kikubwa cha mishipa linazua maswali. Kadiri nchi inavyotekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, watu wengi zaidi wataguswa na jambo hili.

Lakini tahadhari: namba inafuata ugonjwa, haifuati malipo. Kumwomba daktari aandike ugonjwa mzito ili bima ilipe ni udanganyifu. Mbali na sheria, ugonjwa huo wa uongo unabaki kwenye kumbukumbu zako, na kesho daktari mwingine anaweza kukutibu kwa kuuamini.

*Kwenye bajeti ya nchi.* Kila kituo kinajaza vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, na takwimu zinapanda hadi wizarani. Ugonjwa ulioandikwa kama maumivu ya kawaida unaingia kwenye kapu la "mengineyo". Kisichohesabiwa hakipangiwi vifaa. Wilaya ikionekana haina wagonjwa wa ateri, nani ataomba kifaa cha Dopla?

*Kwenye cheti cha kifo.* Mtu akifariki kwa madhara ya mishipa iliyoziba, wakati mwingine huandikwa kuwa moyo ulisimama. Lakini kila anayefariki moyo wake husimama, kwa hiyo hiyo siyo sababu. Cheti cha kitabibu kinataka mnyororo: nini kilitokea mwisho, kilisababishwa na nini, na chanzo cha yote ni kipi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ilipopitia kumbukumbu za hospitali 39 nchini za mwaka 2006 hadi 2015, ilikusanya zaidi ya vifo 240,000. Kazi kama hiyo inategemea kabisa kile mtu mmoja alichoandika wodini usiku ule.

Kwa nini namba hukosewa?

Mara nyingi siyo uzembe. Foleni ni ndefu na daktari ni mmoja. Mwandiko hausomeki, na anayeingiza taarifa kwenye kompyuta siyo aliyemwona mgonjwa. Mfumo unaonyesha orodha, na namba ya juu ndiyo inayobonyezwa.

Vifupisho navyo vinachanganya. Herufi PVD mmoja anazitumia kumaanisha ateri za miguu, mwingine anazisoma kama mishipa yoyote ya pembeni, vena zikiwemo.

Kuna na kosa la kisasa: kutafuta msimbo mtandaoni. Majibu mengi yanayokuja ni ya Marekani, ambako wana toleo lao refu zaidi. Huko I70.211 inamaanisha ateri za mguu wa kulia zilizoziba kwa utando wa mafuta na kuleta maumivu ya kutembea. Ni msimbo halali, lakini wa mfumo wao. Ukiuingiza kwenye mfumo unaotumia ICD-10 ya WHO, unaweza kukataliwa.

Dawa ya haya ni ya kawaida: daktari aandike jina kamili la ugonjwa, mahali, upande, chanzo na madhara. Mtu wa kumbukumbu asipoelewa aulize, asikisie. Na namba ya "isiyofafanuliwa" ibaki kuwa chaguo la mwisho.

Wewe ufanye nini?

Huna haja ya kukariri misimbo. Fanya haya:

1. Eleza dalili kwa umbali. Badala ya "miguu inauma", sema "nikipanda kutoka barabarani hadi kanisani au msikitini inabana, nikisimama dakika tatu inaacha".
2. Taja magonjwa uliyonayo. Kisukari, presha, sigara, hata kama uliacha.
3. Uliza swali moja kabla ya kutoka: "Daktari, umeandika ugonjwa gani?" Ni haki yako kujua.
4. Soma karatasi ya rufaa na fomu ya bima kabla ya kusaini. Mguu ni wa kulia na wameandikiwa wa kushoto? Sema hapo hapo.
5. Tunza majibu yote. Piga picha kwa simu yako, lakini usiyatupie kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Ugonjwa wako ni siri yako.
6. Ukiona kosa, rudi kituoni likarekebishwe. Usifute wala kuandika juu ya karatasi mwenyewe.

Ikiwa ni dharura, namba zisubiri

Mguu ukipata maumivu makali ya ghafla, ukawa wa baridi, umepauka, una ganzi au hausogei, usiukande kwa maji ya moto na usisubiri kesho. Ateri inaweza kuwa imezibwa ghafla na bonge la damu, na saa chache tu, mara nyingi huhesabiwa kama sita, ndizo zinazoamua kama mguu utapona. Tafuta gari uende hospitali.

Vivyo hivyo kwa maumivu ya kifua yanayobana, au mdomo kupinda na upande mmoja kukosa nguvu. Hayo ni ya moyo na kichwa, na hayasubiri basi la asubuhi.

Kwa yule mzee wa Malindi ambaye mguu unabana taratibu, bado muda upo. Kuacha sigara, kudhibiti sukari na presha, dawa za kupunguza lehemu na za kuzuia damu kuganda kwa maelekezo ya daktari, pamoja na mazoezi ya kutembea kwa mpangilio, vinaweza kumrudisha shambani kwake akiwa anasimama mara chache zaidi. Wachache ndio watahitaji kuzibuliwa mshipa au upasuaji.

Ila yote hayo yanaanza siku ambayo mtu atamvua soksi, atapapasa mapigo ya mguu, na kuandika kwenye daftari jina halisi la kinachomsumbua.